Kengele Moja, Kazi Mbalimbali

Ni nani katika sisi, watu wa Kivu, wa Uele au wa Ubangi, asiyejua rovu? Ni ule uvimbe wa shingo unaokua polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka kufika ukubwa wa ngumi na kupita. Wazee wetu waliuzoea. Katika vijiji vingine, kwa mfano upande wa kaskazini wa kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, bibi alikuwa nalo, na mama alikuwa nalo, na binti pia, wala watu hawakustaajabu.

Lakini pamoja na rovu kulikuwa na msiba mwingine mzito zaidi. Katika vijiji vilevile walizaliwa watoto ambao hawakukua sawasawa. Mtu alitimiza miaka 20, na kimo chake kilikuwa bado cha mtoto mdogo. Uso wake ulivimba, ngozi yake ilikuwa kavu, alitembea kwa shida na maneno yake yalikuwa machache. Watu walisema: amelogwa. Wengine walisema: ni kosa la mama yake. Na huyo mama alibeba mizigo miwili, mzigo wa mtoto na mzigo wa maneno ya majirani.

Leo tunataka kuwasimulia namna wenye elimu walivyovumbua, kwa muda wa miaka mia mbili, kwamba mama huyo hakukosa, na mtoto huyo hakulogwa. Habari hii itatupeleka Ulaya na Amerika, na mwishoni itaturudisha hapa kwetu.

Msiba wa milima ya Alpi

Kwanza tusidhani kwamba rovu ni ugonjwa wa Afrika tu. Zamani lilienea sana katika milima ya Alpi, katika nchi ya Uswisi na pembeni za Ufaransa na Italia. Huko nako walizaliwa watoto wasiokua. Watu wa milima waliwaita kwa jina ambalo Wafaransa wanalisema hata leo: crétin. Siku hizi neno hilo limekuwa tusi. Lakini wataalamu wengi wa lugha wanasema kwamba asili yake ni neno la Kilatini maana yake Mkristu. Waliowapa jina hilo walitaka kusema: huyu naye ni mtu, amebatizwa kama sisi, si mnyama. Kumbe jina la kwanza la wagonjwa hao lilikuwa jina la heshima. Ni ulimi wa watu wabaya uliolichafua.

Tangu zamani waganga wa Ulaya walitibu rovu kwa majivu ya sponji, kitu kinachotoka baharini. Wengine walipona, lakini hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1811, wakati wa vita vya Napoleon, Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitumia majivu ya majani ya bahari katika kazi ya baruti. Siku moja akaona moshi wa rangi ya zambarau ukipanda. Alikuwa amepata kitu kipya, nacho ni iodini. Mwaka 1820 mganga Jean-François Coindet wa mji wa Geneva akafikiri: labda iodini ndiyo inayofanya kazi ndani ya sponji. Akawapa wagonjwa wake, na marovu yakapungua. Lakini wengine walipewa nyingi mno, wakakonda, moyo ukawapiga mbio. Watu wakaogopa, na dawa hiyo njema ikaachwa mahali pengi kwa muda mrefu.

Tuangalie vizuri jambo hilo la moyo kupiga mbio, maana tutalikuta tena.

Huzuni ya mganga Kocher

Ndani ya shingo, mbele ya koo, kuna tezi yenye umbo kama kipepeo. Waganga wanaiita tiroidi. Rovu ni tezi hiyo iliyovimba. Zamani hawakujua kazi yake, na wengine waliiona kuwa kitu cha bure.

Theodor Kocher, mganga wa Bern katika Uswisi, alikuwa fundi mkubwa wa kupasua. Wagonjwa waliokufa mikononi mwake walikuwa wachache sana kuliko wa waganga wengine, na alipoona rovu kubwa aliweza kuiondoa tezi nzima. Mwenzake Reverdin wa Geneva akamwambia mwaka 1882 kwamba watu waliopasuliwa hivyo hawaendelei vizuri. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani ili awaangalie. Akaona jambo la kutisha. Walioondolewa tezi nzima walikuwa wamevimba uso, wamekuwa wazito, wasahaulifu, wenye kuhisi baridi daima, na vijana waliacha kukua. Walifanana na wale wagonjwa wa milimani.

Kocher hakuficha neno. Mwaka 1883 alisimama mbele ya waganga wenzake, akaeleza wazi madhara yaliyotoka katika kazi ya mikono yake mwenyewe, na tangu hapo akaacha kuondoa tezi nzima kwa sababu ya rovu. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel. Sisi tunaona kwamba ukweli wake wa mwaka 1883 ulikuwa na thamani kuliko ufundi wa kisu chake, maana ndio uliowafundisha watu kwamba tezi hiyo si kitu cha bure.

Mwaka 1891 kijana mmoja Mwingereza, mganga George Murray wa mji wa Newcastle, alichukua tezi za kondoo, akatoa maji yake, akamdunga mwanamke mmoja wa miaka 46 aliyekuwa na ugonjwa wa tezi kukauka. Mwanamke huyo akaamka kama mtu aliyelala. Akaishi miaka 28 zaidi, na kwa dawa yake zilihitajiwa tezi za kondoo zaidi ya 870. Basi ilijulikana kwamba tezi inatengeneza kitu fulani na kukituma ndani ya damu. Vitu vya namna hiyo tunaviita homoni.

Eugen Baumann, Mjerumani, alikuta mwaka 1895 kwamba ndani ya tezi hiyo mna iodini. Siku ya Noeli ya mwaka 1914 Mmarekani Edward Kendall, baada ya kusafisha tezi nyingi sana za nguruwe, aliona katika chombo chake fuwele za homoni yenyewe. Mwaka 1926 Mwingereza Charles Harington alionyesha umbo lake: ina atomi 4 za iodini. Na mwaka 1952 Jack Gross na Bibi Rosalind Pitt-Rivers, huko London, walikuta homoni ya pili yenye atomi 3 tu. Hiyo ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, na viungo vya mwili huondoa atomi moja katika ile ya kwanza ili kuipata.

Viluwiluwi wa mwaka 1912

Lakini kulikuwa na fumbo. Mwaka 1912 mwenye elimu mmoja, J. F. Gudernatsch, alitangaza jaribio ambalo mtoto ye yote wa kijiji angependa kulitazama. Aliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi ya shingo ya farasi. Viluwiluwi hao hawakungoja wakati wao. Kwa siku chache wakageuka kuwa vyura, lakini vyura wadogo mno, wadogo kama nzi.

Fikirini, wasomaji, jambo lenyewe. Kiluwiluwi anapogeuka kuwa chura, mkia wake unayeyuka na kwisha, na wakati uleule miguu inachipuka na kukua. Homoni ni ileile moja, imo katika damu moja, inafika mkiani na mguuni. Mkia unapokea habari hiyo na kufa. Mguu unapokea habari hiyohiyo na kukua. Inawezekanaje?

Katika mwili wetu ni vilevile. Homoni ya tezi inauambia moyo upige upesi. Inaliambia ini lichome mafuta. Inaiambia mifupa ya mtoto irefuke. Inauambia ubongo wa mtoto aliye tumboni upange nyuzi zake mahali pake. Inalifungua sikio lisikie. Kitu kimoja chawezaje kusema maneno mengi hivyo?

Kengele ya misioni

Tutumie mfano wa kwetu. Saa sita kengele ya misioni inalia. Wanafunzi wanafunga vitabu na kutoka. Mafundi seremala wanaweka randa chini. Masista wanasali Malaika wa Bwana. Mpishi, yeye, anaanza kupakua chakula. Je, kengele imesema maneno manne? Hapana, imelia mlio mmoja. Lakini kila mtu ameusikia kwa sikio la kazi yake.

Ndivyo ilivyo katika mwili, na masikio hayo yanaitwa vipokezi. Kuyatafuta kulichukua miaka mingi. Jamshed Tata, mwenye elimu aliyezaliwa Bombay katika Uhindi na kufanya kazi Uingereza, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba homoni inaanza kazi yake katika kiini cha seli, yaani pale penye urithi tuliopewa na baba na mama. Mwaka 1972 Jack Oppenheimer na wenzake, huko New York, walikuta ndani ya viini vya ini na mafigo ya panya mahali ambapo homoni inanasa. Halafu wakahesabu katika viungo vingine, wakaona hesabu si sawa. Katika ini vipokezi vilikuwa vingi, na vingi zaidi katika ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Katika wengu vilikuwa vichache. Basi kiungo chenye masikio machache husikia kidogo.

Mwaka 1986, mwezi wa Desemba, makundi mawili, moja la Björn Vennström katika Ulaya na jingine la Ronald Evans katika Kalifornia, yalitangaza pamoja kwamba yamekipata kipokezi chenyewe. Nao walikifikia kwa njia ya ajabu, kwa kuchungulia kirusi kinacholeta saratani ya damu katika kuku! Ndipo ilipojulikana kwamba vipokezi si vya namna moja. Kuna jamaa mbili, nazo zinaitwa kwa herufi za Kigiriki, alfa na beta. Alfa ndiyo inayotawala zaidi katika moyo, katika mifupa na katika sehemu kubwa ya ubongo. Beta ndiyo inayotawala katika ini, na namna yake nyingine imo katika sikio, katika jicho na katika ile tezi ndogo ya chini ya ubongo.

Tena kipokezi si sikio linalongoja tu. Hata kabla homoni haijafika, kinakaa juu ya uzi wa urithi, na mara nyingi kinaifunga kazi ya mahali hapo, kama zamu aliyeketi mlangoni. Homoni ikifika, zamu anasimama na kuufungua mlango. Kwa hiyo mtoto akikosa homoni si kwamba anakosa msaada tu: milango mingi ya mwili wake inafungwa kabisa. Lakini katika tezi ya chini ya ubongo mambo hugeuka. Huko homoni inasema: basi, imetosha. Tezi hiyo ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo kufanya kazi. Ikisikia homoni ni ya kutosha, inanyamaza. Isiposikia, inazidi kuamuru na kuamuru, na tezi ya shingo, ikikosa iodini, inajikaza bure na kuvimba. Rovu ni alama ya mtumishi anayepigiwa kelele bila kupewa vyombo vya kazi.

Ushuhuda wa wagonjwa

Mwaka 1967, Samuel Refetoff na wenzake walieleza habari za watoto wa jamaa moja ambao hawakusikia wala kusema. Walikuwa na rovu, na damu yao ilikuwa na homoni nyingi kupita kiasi, lakini viungo vyao vingine vilikuwa kama havijaipata. Baadaye ilijulikana kwamba watoto hao hawakuwa na kipokezi cha beta hata kimoja. Kengele ililia kwa nguvu, na masikio hayakuwako.

Mwaka 2012 kule Uingereza ulielezwa ugonjwa wa upande wa pili. Mtoto mmoja alikuwa na kipokezi cha alfa kilichoharibika. Alikuwa mfupi, mifupa yake ilichelewa, tumbo lake lilifunga, na moyo ulipiga polepole. Walipopima damu yake waliona homoni karibu kuwa sawasawa, maana tezi ya chini ya ubongo inasikia kwa beta, na beta yake ilikuwa nzima.

Elimu hii imeleta faida pia. Katika miaka ya 1960 waganga wa Marekani walijaribu kupunguza mafuta ya damu kwa kuwapa wagonjwa wa moyo homoni ya tezi iliyogeuzwa kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliiacha, kwa sababu waliokufa walikuwa wengi kuliko wale wasioipata. Dawa ilitafutwa kwa ajili ya mafuta, lakini moyo nao ulisikia, kama wale wagonjwa wa Coindet. Leo watu wanatengeneza dawa inayolia katika sikio la beta zaidi kuliko la alfa. Moja yake, resmetirom, ilikubaliwa Marekani katika mwezi wa Machi 2024 kwa ugonjwa wa mafuta katika ini.

Turudi Kongo

Sasa turudi kwa mama yetu wa Idjwi. Iodini nyingi ya dunia imo baharini. Katika nchi za mbali na bahari, na hasa milimani, mvua za miaka maelfu zimeiosha udongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waganga Wabelgiji walitangaza habari za rovu katika nchi ya Uele. Kisha walieleza kwamba wagonjwa wasiokua wa huko walikuwa na tezi isiyoweza kutosheleza mwili. Halafu François Delange, Claude Thilly na André Ermans wakafanya kazi Idjwi, wakisaidiwa na nyumba ya elimu ya Lwiro karibu na Bukavu.

Huko waliona jambo la kushangaza. Iodini ilipungua katika kisiwa kizima, lakini upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na upande wa kusini-magharibi walikuwa wachache. Kwa nini? Baada ya kupima vyakula, waliona mihogo ina sehemu yake. Mihogo michungu ina sumu. Isipolowekwa vizuri, mwili unaigeuza sumu hiyo kuwa kitu kingine, nacho kinaizuia iodini isiingie katika tezi. Mahali penye iodini ya kutosha, bugali wa mihogo hauna neno. Mahali penye iodini kidogo, unaiondoa hata hiyo kidogo.

Na mtoto aliye tumboni? Katika miezi ya kwanza tezi yake bado haijafanya kazi, anaishi kwa homoni ya mama yake. Vipokezi vya ubongo wake viko tayari, zamu wameketi milangoni, wanangoja. Homoni isipofika, wakati unapita, na milango mingine haifunguki tena hata mtoto akipewa dawa baadaye.

Lakini msiba huu unaweza kuzuiliwa. Mwaka 1966, katika milima ya Guinea Mpya, waganga waliwadunga wanawake wa nusu ya jamaa mafuta yenye iodini. Kati ya watoto waliozaliwa na mama wasiodungwa, 26 walikuwa na ugonjwa. Kati ya wale wa mama waliodungwa walikuwa 7, na katika hao 7, mama 6 walikuwa wamekwisha kuchukua mimba kabla ya sindano. Hapa kwetu mafuta hayo yalitumiwa Idjwi na Ubangi katika miaka ya 1970. Tangu miaka ya 1990 njia kubwa imekuwa chumvi yenye iodini, ambayo Uswisi ilianza kuitumia mwaka 1922. Siku hizi marovu makubwa yamepungua mahali pengi.

Tufanye nini?

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kila siku, na mama mwenye mimba 250. Mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Kwa maisha ya miaka 70 ni karibu gramu 4 tu! Kwa ajili ya kitu kidogo hivyo vijiji vizima vililia.

Basi tununue chumvi yenye iodini. Tuiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na maji na jua, na tuitie katika sombe mwishoni, chakula kikikaribia kuiva. Tuloweke mihogo michungu siku za kutosha, kama bibi zetu walivyotufundisha. Msichana aanze kabla ya kuolewa, asingoje mimba.

Na wale ndugu zetu waliokwisha kuzaliwa hivyo, ambao wangali wanakaa kati yetu? Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, na kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa zaidi. Hakujua habari za homoni, lakini alijua kwamba kiungo kimoja hakiwezi kumwambia mwenzake: sikuhitaji. Tusimwite mtu huyo kwa jina la kumcheka. Tumpe mahali pake karibu na moto, na kazi anayoiweza, na nafasi katika benchi la kanisa. Na mama yake tumwambie wazi, hata kama amekuwa mzee: hukukosa, mama. Ni udongo uliopungukiwa.

Watu wa milimani zamani walipotafuta jina la kumwita mtu wa namna hiyo, walimwita Mkristu. Tumrudishie jina lake.